Kuhamisha bustani kwa hesabu ya mwezi, kutoka Lamu mjini mpaka shamba jipya

Kama unahama na una mimea ambayo roho yako haikubali kuiacha nyuma, usianze kutafuta gari wala boti, anza na mwezi, tena anza mapema, miandamo miwili kabla ya siku yenyewe. Hilo ndilo kubwa nililo nalo, mengine yote hapa chini ni kulieleza tu. Watu wengi wakisikia kulima kwa mwezi wanadhani ni kuchagua siku moja nzuri, wanauliza leo mwezi ngapi, naweza kung'oa asumini? alafu wanang'oa leo leo. Sasa mmea uliokaa pahali pamoja miaka, ukiung'oa ghafla hata uwe umechagua usiku gani hautashika, manake ile mizizi midogo midogo ya kunywa maji iko mbali na shina, wewe umeikata yote ukaiacha ardhini na umebeba fimbo yenye majani. Mwezi wa kwanza ni wa kuutayarisha mmea, wa pili wa kuuhamisha, wa tatu wa kuulea. Ukipanga hivo hesabu ya mwezi inakufaa kweli kweli.

Naandika zaidi kwa watu wa kisiwani wanaovuka bara, Mokowe, Hindi, Mpeketoni, na wale wanaoshuka kabisa mpaka Malindi. Lakini hata ukiwa watoka Malindi mjini unaenda Ganda au Mambrui itakufaa, utaruka tu mambo ya boti na maji kujaa.

Kwanza ujue mwezi uko wapi

Huku kwetu tuko karibu sana na ikweta, Lamu ni kama digrii 2 kusini na Malindi ni kama digrii 3, kwa hivo mwezi mchanga unalala chali kama dau, pembe zote mbili zimeangalia juu. Zile njia za Ulaya za kuangalia kama umegeukia kushoto au kulia hazikusaidii hapa. Wewe angalia saa. Ukiuona upande wa magharibi jua likishatua, huo unakua. Ukiuona asubuhi bado uko angani na jua limeshatoka, unapungua. Basi, huhitaji apu yoyote.

Ukitumia apu ya simu au kalenda ya ukutani, jua vitu viwili. Kwanza, ile "mwezi mpya" ya kalenda za kizungu ni wakati mwezi uko sawa na jua na hauonekani kabisa, sisi tunaanza kuhesabu ukishaonekana, ambayo ni siku moja au mbili baadaye. Kwa hivo ukichanganya kalenda mbili utajikuta uko mbele siku mbili na hujui kwa nini. Pili, siku yetu inaanza magharibi, usiku wa kumi na sita unatangulia mchana wa kumi na sita, si kuufuata, kwa hivo ukiambiwa na mzee "panda usiku wa kumi na sita" ni jioni ya ile siku ambayo kalenda ya ukutani bado inaiita kumi na tano. Mtu akiwa na kibarua wa kuchimba na boti ya kukodi hapa ndio watu wanapishana.

Mzunguko mzima kutoka mwandamo mpaka mwandamo ni siku 29 na nusu hivi, ndio maana mwezi unakuwa 29 au 30. Kwa kazi ya bustani mimi naugawa vipande vinne na sitaki kuugawa zaidi ya hapo. Kuandama mpaka kama tarehe kumi na mbili ni mwezi unaokua. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano ni mwezi mpevu. Kumi na sita mpaka ishirini na tano hivi ni mwezi unaopungua. Zilizobaki ni kiza.

Na kanuni ya wazee ni nyepesi: mwezi ukikua panda vinavyozaa juu ya ardhi, mchicha, kunde, bamia, biringanya, pilipili, ukipungua shughulika na mizizi, muhogo, viazi, kupogoa, kuhamisha miche, na kiza usipande kitu, kata miti ya ua na boriti, ndio inasemekana haitobolewi na wadudu. Kuhusu vipandikizi vya matawi utasikia maneno mawili, wengine wanasema mwezi ukikua manake maji ya mti yako juu, wengine ukipungua manake unataka mizizi. Mimi nafuata la pili kwa sababu kazi yote ya mizizi inaangukia siku zile zile na sichanganyikiwi.

Kuna pia kalenda za Ulaya zinazofuata nyota, zile za siku ya jani, siku ya mzizi, siku ya ua, siku ya tunda. Zimetokana na mawazo ya Rudolf Steiner aliyetoa mihadhara yake ya kilimo mwaka 1924, na Mjerumani Maria Thun akaanza kutoa kalenda ya kupanda kuanzia miaka ya 60. Humo utakuta pia mwezi "unaopanda" na "unaoshuka", na huu si kukua na kupungua, ni mzunguko mwingine wa siku 27 na kitu wa mwezi kupita juu zaidi au chini zaidi angani. Kwa Ujerumani mtu anaona kwa macho mwezi ukiwa juu au chini. Kwa Lamu mwezi unapita karibu na utosi, nusu ya mzunguko unapita upande wa kaskazini na nusu ya pili upande wa kusini, sasa hapo upi ni wa kupanda na upi ni wa kushuka? Tena kalenda hizo zinabadilishwa kinyume kwa nchi za kusini ya ikweta, na sisi tuko kusini kwa kidole tu. Ziwache. Utachanganyikiwa bure na mimea yako iko juani inangoja.

Nisiseme uongo pia, kwa upande wa sayansi ushahidi hakuna. Mwaka 2020 watafiti wa Hispania walichapisha uchambuzi kwenye jarida la Agronomy wakapitia fizikia na biolojia yote ya jambo hili na hawakupata uthibitisho wa kuaminika kwamba awamu za mwezi zinabadilisha ukuaji wa mimea. Mwanga wa mwezi mpevu ni mdogo kuliko wa jua karibu mara laki nne, na mvuto wake juu ya maji yaliyo ndani ya mche mmoja ni kama hakuna. Lakini mimi bado nahesabu, na nitaendelea. Mwezi ni kipimo cha wakati, ndio kazi uliyowekewa, kila mtu nyumbani anauona, mtoto anauona, kibarua anauona, hakuna wa kusema nilisahau, na kazi ya kuhamisha bustani inaharibika zaidi kwa kusahau na kuharakisha kuliko kitu kingine chochote.

Mwezi unakupa siku, haukupi msimu

Hapa naomba usome pole pole. Mwaka wa mwezi ni siku 354 hivi, ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hivo miezi yetu inatembea. Ramadhani ya 2016 ilianza Juni, ya 2026 ni Februari. Ukisema mwaka huu nilihamisha mimea Mfunguo Pili ikashika vizuri basi na miaka inayokuja nitafanya Mfunguo Pili, kuna mwaka itakuangukia katikati ya kaskazi, jua kali, upepo mkavu, kisima kimeshuka, na utazika kila kitu.

Wazee wetu walilijua hili ndio maana walikuwa na hesabu mbili. Mwezi ulikuwa wa ibada na wa maji ya bahari, bamvua yakijaa na kutoka sana, na maji mafu yakijaa na kutoka kidogo. Kulima na kusafiri kwa pepo walihesabu kwa Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 uliogawanywa miongo ya siku kumi kumi, manake kusi na kaskazi hazifuati mwezi, zinafuata jua. Kwa hivo wewe pia tumia zote mbili. Msimu chagua kwa mvua: masika ikishaanza kulowesha, mwisho wa Aprili na Mei, ndio wakati wa kuhamisha miti huku kwetu, Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Lamu na Malindi. Nafasi ya pili ni vuli, Oktoba mpaka Novemba, lakini vuli ya Lamu ni nyepesi na haiaminiki kama masika, uwe na maji yako. Ukishapata msimu, ndani ya ule msimu ndio mwezi uchague siku.

Na kama mwenye nyumba amekupa notisi na unalazimika kuhama Januari? Usihamishe miti. Chukua mbegu, vipandikizi, machipukizi, uviweke kwenye vyombo chini ya kivuli mpaka masika.

Mwezi wa kwanza, bado uko bustani ya zamani

Kuanzia kuandama zunguka na uamue nini kinaenda. Kuna vitu havistahili kubebwa. Mpapai usiuhamishe, mzizi wake mkuu haupendi kuguswa, na mipapai mingi ya Pwani ina wale vidung'ata weupe, utawabeba nao, chukua mbegu za tunda zuri tu. Mronge vile vile, kata tawi la unene wa mkono linashika lenyewe. Mwembe mkubwa, mnazi unaozaa, hiyo muachie anayekuja nyuma yako. Mgomba unaenda kwa machipukizi, na uchague yale yenye majani membamba kama upanga, si yale ya majani mapana, hayo mapana hayana nguvu. Muhogo unaenda kwa vipande vya shina lililokomaa, sentimita 20 mpaka 30. Viazi vitamu marando. Mchaichai unagawanya shina na mizizi yake. Nanasi machipukizi. Tangawizi na manjano ni kuchimba tu.

Alafu kuna ile mimea ya uani ambayo kwa mwanamke wa Lamu ndiyo bustani yenyewe, asumini, mrehani, mwaridi, mkilua, mkadi. Kikuba, kile kishada cha maua ya manukato, hakitungwi kwa mchicha. Hii ndiyo inayostahili nguvu zako zote, na ndiyo inayohitaji mwezi mzima wa matayarisho.

Asumini usiung'oe mkubwa, ulaze. Chukua tawi refu la chini, likwangue ganda kidogo upande wa chini pahali pa kama kidole, lizike hapo kwenye mkebe au ndoo kuukuu iliyojaa udongo na samadi iliyooza, weka jiwe juu lisiinuke, ncha iachwe nje, umwagilie. Wiki nne mpaka sita linakuwa na mizizi yake na bado linanyonya kwa mama yake, kwa hivo hata ukikosea kumwagilia siku mbili halifi. Siku ya kuhama unalikata upande wa mama unabeba ndoo. Mrehani ni rahisi, vunja vijitawi visivyo na maua uvitie kwenye gilasi ya maji, na mbegu pia uzikaushe uweke. Mkadi unatoa vitoto pembeni vyenye mizizi ya hewani, chukua hivyo. Mkilua unakua pole pole na si wepesi wa kuhama, kwa hivo kama una miche midogo chini yake chukua hiyo, mkubwa uwache salama.

Siku hizi za mwezi unaokua ndio pia unapanda kwenye vyombo mbegu za biringanya, pilipili na nyanya, ili siku ya kuhama iwe miche ya kupandikiza. Ukifika na miche mkononi huanzi upya.

Sasa kumi na sita kwenda mbele, mwezi umeanza kupungua, ndio kazi kubwa: kukata mizizi mahali mti ulipo. Mkomamanga, mndimu mdogo, mwaridi, mhina, mstafeli wa mwaka mmoja au miwili. Pima unene wa shina karibu na ardhi, donge la udongo utakalobeba liwe na upana mara kumi mpaka kumi na mbili ya huo unene, yaani shina la sentimita 3 linataka donge la sentimita 30 mpaka 36. Chora duara. Chukua jembe kali au panga ukate wima kuzunguka nusu ya duara tu, kina kama sentimita 30, usiinue kitu, kata tu na umwagilie. Baada ya wiki kata nusu ya pili. Kinachofanyika ni kwamba mizizi iliyokatwa inachipua mingine midogo midogo ndani ya lile donge, na hiyo ndiyo itakayosafiri. Mmea utanyauka kidogo siku mbili tatu, usiogope, upunguzie matawi theluthi moja hivi, umwagilie jioni. Ukifanya hii tu na mengine yote ya mwezi ukayawacha, bado mimea yako mingi itafika salama.

Wakati unakata angalia mizizi yenyewe. Ukiona ina vinundu nundu, hasa ya biringanya, nyanya na bamia, hao ni minyoo ya mizizi, na udongo huo usiubebe hata kidogo kwenda shamba jipya. Hapo chukua mbegu peke yake. Shamba safi ni mali, usilichafue siku ya kwanza.

Kiza kikiingia usiguse mimea. Kata fito na miti ya ua, suka au nunua makuti ya kivuli, tafuta mapakacha. Pakacha la makuti ndio chombo bora cha kusafirishia mti kuliko ndoo, unatia donge ndani, unafunga, ukifika unalizika pamoja na mti, linaoza lenyewe na mizizi haisumbuliwi.

Mwezi wa pili, nenda shamba jipya kabla mimea haijaenda

Mwezi ukiandama enda uone ardhi. Mtu anayetoka kisiwani amezoea mchanga na maji ya kisima, na anadhani bara ni hivo hivo. Chimba shimo la sentimita 60 lijaze maji utazame. Yakiisha mara moja ni mchanga, utahitaji samadi nyingi na matandazo. Yakibaki mpaka kesho yake ni udongo mzito, panda juu kidogo kwenye tuta, la sivyo masika itaozesha mizizi. Ukigonga jiwe la matumbawe baada ya shubiri moja, usipigane nalo, tengeneza tuta la kuinua kwa mawe na ulijaze udongo. Kwenye ardhi hiyo ya matumbawe mndimu na mwaridi zitakuonyesha majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani, hapo udongo una chokaa nyingi na mmea hauwezi kupata chuma, mboji nyingi inasaidia, kumwaga jivu kunazidisha.

Maji ya kisima yaonje. Kweli, yaonje, na sabuni ione kama inatoa povu. Kisiwani tumezoea maji matamu ya chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ukienda pengine karibu na mkono wa bahari kisima kinaweza kuwa na chumvi, na kinapanda na kushuka na bahari. Kwa hivo onja mara mbili, siku za bamvua na siku za maji mafu, hiyo ni kazi nyingine ambayo mwezi unakupangia. Kama yana chumvi kidogo, mnazi hautajali, spinachi itavumilia, lakini maharage, vitunguu na mindimu zitateseka, hizo utazimwagilia maji ya mvua au usizipande.

Mashimo ya miti chimba sasa, siku za mwezi unaokua, sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu uweke upande mmoja na wa chini upande mwingine. Changanya wa juu na debe la samadi kuukuu, urudishe, ulinyeshee lishuke. Samadi ya punda Lamu ni ya bure, hakuna mji wenye neema hiyo kama wetu, lakini iwe imeoza mpaka hainuki, mbichi inaunguza mizizi na imejaa mbegu za magugu. Bara kuna mchwa zaidi kuliko mjini, kwa hivo nyasi kavu usizisukume mpaka shinani, acha nafasi ya kiganja.

Na wakati huu huu, kama mvua imeshalowesha, mwaga mchicha na kunde kwenye kipande chochote kilicho wazi. Mchicha wiki tatu nne unachuma. Kuhama kunamaliza pesa, mboga ikikukuta pale pale unashukuru, na kunde inaifunika ardhi na kuirutubisha wakati wewe bado unahangaika na mizigo.

Siku yenyewe

Kwa watu wa kisiwani, bahari na mwezi hapa vinakubaliana vizuri sana. Mwezi ukishapevuka kuna bamvua, na kwenye pwani yetu maji ya bamvua yanajaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, alafu yanachelewa kila siku kidogo kidogo, kwa hivo tarehe kumi na sita na kumi na saba yanajaa kama saa kumi na moja hivi au kukaribia kumi na mbili. Hiyo ndiyo saa unayoitaka. Unapakia jioni jua limepoa, boti inasogea mpaka karibu, hubebi madonge ya udongo kupitia matope, unavuka, na ukifika unapanda magharibi wakati mwezi uko karibu kutoka ukumulikie. Mti uliopandwa jioni una usiku mzima wa kupumua kabla haujaonana na jua. Ukingoja mpaka ishirini na mbili maji yanajaa saa nne saa tano asubuhi na ya pili usiku, utajikuta unavusha miche juani saa sita. Muulize nahodha wako siku mbili kabla, yeye ndiye anayejua pahali pake maji yanakaaje.

Unayetoka Kipungani au Matondoni na dau, hilo ndilo la kuzingatia zaidi, manake bamvua likitoka linatoka mbali.

Kama unaenda Malindi kwa barabara ya Garsen, safari ni ndefu na upepo wa gari ndio adui, unakausha majani kuliko jua. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa au shuka kuukuu, fungia chini, na usiku ni bora kuliko mchana kama utaratibu wa barabara unaruhusu. Mimea iliyo kwenye ndoo mwagilia asubuhi ya safari, si wakati wa kuondoka, udongo uliolowa chepechepe unavunjika na donge likivunjika umeshapoteza.

Kuinua: mwagilia jana yake. Zungushia jembe pale pale ulipokata mwezi uliopita, nje kidogo ya mstari wa zamani, manake mizizi mipya iko hapo. Ingia chini, kata mzizi wa kwenda chini kama upo, na usishike shina kuvuta, inua kwa kushika donge, watu wawili kwa gunia. Tia pakachani. Weka alama ya upande uliokuwa unaangalia kaskazini, utepe tu, ukifika uugeuzie hivo hivo ili ganda lisilozoea jua lisiungue.

Kupanda: kimo kile kile uliokuwa nao, usizike shina. Rudisha udongo, kanyaga kwa mguu pole pole, mwaga maji lita 10 mpaka 20 kwa mti, hata kama mvua imenyesha, hayo maji ni ya kutoa hewa kwenye mizizi. Tengeneza bakuli la udongo kuzunguka. Simamisha makuti upande wa magharibi na upande ambao kusi inatokea, si kufunika juu kabisa, jua la asubuhi liachwe liingie. Kama kisima kiko mbali, zika mtungi wa udongo usiopakwa kitu karibu na mti, shingo nje, ujaze maji na ufunike, maji yanapenya pole pole yenyewe.

Una mpaka ishirini na tano kumaliza, panga kwa zamu: miti kwanza, asumini na mwaridi, migomba, alafu marando na muhogo mwisho, hayo yanavumilia kungoja kivulini siku kadhaa. Miche ya biringanya na pilipili pandikiza jioni siku hizi hizi. Mvua ikinyesha siku ambayo mwezi bado "haujafika", panda. Mvua haingoji tarehe na wewe usiingojeshe.

Mwezi wa tatu

Kiza kile kinachofuata acha kila kitu kitulie. Majani yataanguka, mndimu unaweza kuvua karibu yote, kwaruza ganda kwa kucha, chini likiwa la kijani mti uko hai. Hapo watu wanakimbilia mbolea ya dukani na ndio wanaumaliza, mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuhimili chumvi ya mbolea. Mwagilia kila baada ya siku moja kama hakuna mvua, na ukitia kidole udongoni ukakuta umelowa mpaka kifundo cha pili, usimwagilie siku hiyo.

Mwezi ukiandama tena anza kupunguza makuti, chane moja moja. Ukikaribia kupevuka utaanza kuona machipukizi, asumini ndio ya kwanza kwa kawaida, mkomamanga unachelewa, mkilua unaweza kukaa kimya msimu mzima usiukatie tamaa. Mmea ukishatoa majani mapya matatu manne yaliyofunguka sawa sawa, tia kibakuli cha samadi iliyooza pembeni, mbali na shina, na maua ya kwanza ya asumini yavunje yakiwa bado machanga ili nguvu irudi kwenye mizizi, ya pili ndio utayatunga.